Kipindi cha Nane, Chumba cha Ramani

Walinipa kazi hii kwa sababu kipindi cha nane sina darasa.
"Mshauri wa taaluma," mkuu akaandika kwa chaki ubaoni ofisini,
akakosea jina langu, akafuta kwa kiganja, akaandika tena.
Semina sikupata. Nilipata kabati,
ufunguo usiozunguka,
na fomu mia na kumi na mbili za kidato cha nne.

Mimi ni wa jiografia. Najua maji.
Nikachukua kalenda ya mwaka jana, ya chama cha wakulima wa kahawa,
nikaigeuza upande wake mweupe
na kuchora shule yetu juu kabisa, kama banio.
Kushoto nikachimba mfereji: kidato cha tano, cha sita, chuo kikuu.
Huo wanaujua wote, hata wasioupenda.
Kulia nikachimba mwingine, mkono ukisita:
chuo cha ufundi, astashahada, stashahada.
Wanafunzi husema "mchepuo" wakimaanisha masomo matatu.
Mwenye shamba akisema mchepuo
anamaanisha mahali maji yanapoamua.

Aikaruwa alikuja wa kwanza, vidole vina gundi ya mabomba.
Likizo yote alifunga matangi Pasua na mjomba wake.
Mtihani wa majaribio: fizikia C, hesabu C,
historia F, ambayo hakuionea aibu.
Alitazama kulia. Hakugusa kushoto.
"Baba hatakubali," akasema,
kama mtu anayetaja saa.

Alhamisi baba akaja, Elinami wa vipuri, kutoka Mbuyuni,
kucha nyeusi kwa oili, shati limepigwa pasi.
Hakukaa.
"Sikutoa michango miaka minne
ili mwanangu akazibue vyoo vya watu."
Nikamwonyesha kalenda, kwa kuwa sikuwa na jibu.
Akaiangalia muda mrefu,
kama anavyoangalia gia aliyoletewa na mtu asiyemjua.

"Huu wa kulia unakomea wapi?"
"Haukomi. Ngazi ya nne, ya tano, ya sita.
Akiimaliza ya sita vizuri, mlango wa chuo kikuu uko hapa pembeni.
Ataingia akijua tayari kushika spana."
"Ada?"
Nikaitaja. Midomo yake ikapiga hesabu bila sauti:
rejeta nne, labda tano,
au gia boksi moja ya Fuso iliyotumika.

Kisha akakaa. Akaomba penseli.
"Mwalimu, kona hii umeikata vibaya.
Kwetu Kibosho tulizibua mfongo kila mwaka kabla ya masika.
Maji ukiyakunja ghafla namna hii
yanabomoa ukingo, yanaishia kwa jirani.
Yape mzunguko."
Akachora upya, polepole, mstari mpana unaolala na mteremko,
na kati ya ngazi ya tano na ya sita
akaacha kidimbwi, akaandika: kazi, mwaka 1.
"Hapo apumue. Apate na hela yake."

"Miwili," akasema Aikaruwa.
Ndilo neno lake la kwanza mchana huo.
Baba hakucheka. Alifuta kwa kidole chenye oili,
akaandika 2 juu ya doa.

Wakaondoka na fomu. Kengele ikalia, mtu akaburuta benchi.
Droo ilipokataa kufunga nikaona kwa nini:
fomu ya Godlisten imekunjamana nyuma,
ina jina na namba ya mtihani, basi.
Jumanne nilimwona uwanjani
akimfunga mwenzake kifundo cha mguu kwa soksi yake mwenyewe,
akimwambia atikise vidole, kimoja kimoja.
Sijawahi kumuuliza kitu.

Kalenda bado ina nafasi,
si kubwa, chini kidogo ya banio,
penye duara la kikombe cha chai.